Mashine au mtu: nani aukague mfumo wa Sacco yako?

Mwenyekiti wa Sacco moja ya Busia, Uganda, alitandaza karatasi mbili mezani, moja kushoto na nyingine kulia, akazibana kwa simu zake mbili zisipeperushwe na feni. Ya kushoto ilitoka kwa kampuni inayouza zana ya akili bandia: lipia mwaka mzima, nayo itaukagua mfumo wenu usiku na mchana na kutafuta mianya kabla wezi hawajaiona. Ya kulia ilikuwa ya kijana wa Kampala, mdukuzi wa kimaadili, aliyeomba siku 6 za kazi na nauli.

"Mwanangu," mzee akaniambia, "pesa ya kuchukua zote mbili hatuna. Nieleze kama unavyomweleza mtu anayenunua pikipiki. Hii inafaa wapi, na hii inafaa wapi?"

Ninaandika kwa ajili yake na kwa wengine walio kwenye njia panda hiyo: Sacco, shule zinazopokea karo kwa simu, zahanati, kampuni changa za malipo. Kazi yangu ni kukagua mifumo. Ninalipwa kwa jicho langu na ninatumia zana hizo kila siku, kwa hiyo nina maslahi pande zote mbili, na ni haki ulijue hilo kabla hujaendelea kusoma.

Mdukuzi wa kimaadili huingia kwenye mfumo kwa idhini ya mwenyewe, akaandika alivyoingia, akakabidhi ripoti ili mwanya uzibwe. Mbinu zake ni zilezile za mwizi. Kinachomtenga na mwizi ni karatasi ya ruhusa na mahali ripoti inapokwenda. Akili bandia, ambayo wenzetu wa Tanzania wanaiita pia akili mnemba, imeingia kwenye kazi hii kwa njia mbili. Ya zamani ni kuifundisha mashine sura ya shughuli za kawaida ili ipige kelele ikiona jambo geni. Ya sasa ni mifumo mikubwa ya lugha: inasoma msimbo wa programu, inaandika amri, inajaribu, inasoma jibu la seva, kisha inajaribu tena bila mtu kuishika mkono. Aliyemletea mzee karatasi ya kushoto alikuwa anauza hii ya pili.

Mashine imefika wapi

Wako wanaosema akili bandia ni maneno ya wauzaji tu. Wamechelewa. Mwaka 2016 shirika la utafiti la jeshi la Marekani, DARPA, liliandaa mashindano ya mashine kwa mashine, na mfumo ulioitwa Mayhem ukashinda. Ulipoingizwa kushindana na timu za watu kule Las Vegas, ukashika mkia. Agosti 2025 shirika hilohilo lilihitimisha mashindano mengine, safari hii ya mifumo ya akili bandia inayotafuta mianya kwenye programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote, na kuiziba yenyewe. Kati ya makosa yaliyopandwa humo kwa makusudi, mifumo iligundua 54 na kuziba 43. Juu ya hayo ikaibua makosa 18 ya kweli ambayo hakuna aliyeyapanda. Gharama ya kila kazi ilikuwa wastani wa dola 152 hivi.

Huko Google, mfumo uitwao Big Sleep uligundua kosa ndani ya SQLite, kanzidata ndogo iliyomo karibu katika kila simu ya mkononi, kabla toleo lenye kosa hilo halijatoka rasmi. Hiyo ilitangazwa Novemba 2024. Mwaka uliofuata mfumo mwingine, XBOW, ulipanda hadi nafasi ya kwanza kwa Marekani kwenye orodha ya HackerOne, soko ambako wadukuzi wa kimaadili huripoti mianya na kulipwa. Lakini ripoti za XBOW zilipitiwa na watu kabla ya kutumwa. Likumbuke hilo, maana kwenye karatasi ya muuzaji huwa halitajwi.

Kinyume chake kimeonekana kwa watunzaji wa curl, programu ya kuhamisha data inayotumika duniani kote. Mwanzilishi wake, Daniel Stenberg, amelalamika hadharani kwamba wanafurikiwa na ripoti zilizoandikwa na akili bandia, zenye lugha tamu na mianya isiyokuwepo, na kila moja inamla mtu wa kujitolea saa kadhaa. Mwaka huohuo wa 2025, Septemba, mtafiti mmoja aliwapelekea orodha ndefu ya makosa aliyoyapata kwa zana za akili bandia. Mengi yalikuwa ya kweli, na Stenberg huyohuyo akaisifu kazi hiyo. Tofauti ilikuwa mtu aliyekaa kati ya mashine na ripoti, na kama alijua anachokisoma.

Mfumo mmoja, macho mawili

Nilimwambia mzee tusibishane kwa maneno. Muuzaji alikubali kutoa siku 7 za majaribio bure. Kijana naye akakubali kuja siku 2 kwa nauli na chakula. Sacco ikaandika barua za idhini, moja kwa kila upande, na mimi nikapewa kazi ya kusoma ripoti zote na kuhakiki.

Mashine ilianza Ijumaa jioni. Saa mbili asubuhi Jumamosi tulikuwa na mambo 58, na 9 kati yake yalitiwa alama nyekundu. Kubwa kuliko yote ililipata katika saa ya kwanza. Ilikuwa nakala ya majaribio ya mfumo, iliyosahauliwa kwenye anwani ya pembeni, na ndani yake orodha ya wanachama wa kweli: majina, namba za simu, namba za kitambulisho cha taifa. Mwanaprogramu aliyeiweka hapo alikwishaacha kazi, na ofisini hakuna aliyejua kwamba ipo. Jingine lilikuwa kiungo cha taarifa ya akaunti. Ukibadilisha tarakimu za mwisho, unasoma akaunti ya mwenzako. Ikataja pia programu-jalizi iliyopitwa na wakati na ruta yenye nywila ileile iliyotoka nayo kiwandani.

Mtu angeyapata haya? Mengi, ndiyo, lakini si kwa usiku mmoja, wala si kwa subira ile. Mashine haichoki kugonga milango. Hufika mlango wa mia tatu na kuugonga kwa makini yaleyale iliyoanza nayo.

Nilipoyahakiki yale 9 mekundu, 6 yalikuwa ya kweli. Mawili yalikuwa mambo madogo yaliyokuzwa. La 9 ndilo lililonikera. Ripoti ilidai kwamba imepata nywila ya msimamizi na ikaiandika waziwazi. Tuliijaribu kila mahali, haikufungua kitu. Mashine ilikuwa imeibuni. Ugonjwa huu unajulikana. Novemba 2025 kampuni ya akili bandia ya Anthropic ilieleza jinsi kikundi ilichokihusisha na serikali ya China kilivyotumia mfumo wake kushambulia takriban taasisi 30, akili bandia ikifanya asilimia 80 hadi 90 ya kazi. Hata humo mashine ilikuwa mara nyingine inadai imepata nywila ambazo hazikufanya kazi. Mshambulizi akidanganywa na zana yake anapoteza dakika. Bodi ya Sacco ikidanganywa inaweza kumfukuza kazi karani asiye na kosa.

Kijana alifika Jumatatu, na mpaka saa sita mchana hakufungua kompyuta. Alikaa kwenye benchi la wanachama, karibu na dirisha la keshia, na akawa anasalimia watu. Mama mmoja anayeuza mukene, wale dagaa wa ziwani, akaketi kando yake, wakaanza kulalamikia mtandao.

"Wewe mwanangu, mtandao huu," mama akasema. "Wiki iliyopita nimetoa laki moja kwa simu, ikaniambia imeshindikana. Nikakaa. Baadaye laki ikaingia. Kuangalia akaunti, laki bado ipo."

"Ukawaambia hapa, mama?"

"Niliwaambia! Si pesa yangu ile, ni ya wenzangu. Wakasema ni mtandao, itajirekebisha."

Haikujirekebisha. Kijana aliomba ruhusa, akachukua shilingi 5,000 na akaunti yake ya majaribio, akangoja saa za jioni soko linapojaa na mtandao unapolemewa, akajaribu mara kadhaa mpaka likatokea lilelile. Kilichokuwa kikitendeka ni hiki. Mwanachama akiomba pesa kwenda kwenye simu, mfumo wa Sacco unapeleka ombi kwa kampuni inayouunganisha na mitandao ya simu, halafu unangoja sekunde 30. Jibu lisipokuja, unahesabu kwamba muamala umeshindikana na kuirudisha pesa kwenye akaunti. Lakini kimya si kukataa. Upande wa pili ombi bado liko kwenye foleni, na baada ya dakika mbili au tatu pesa inalipwa. Jibu la "imelipwa" linaporudi linakuta faili imeshafungwa na linatupwa. Akilijua hilo mtu mwenye nia mbaya, atangoja jioni za mwisho wa mwezi na kuivuna akiba ya wenzake polepole, bila kuvunja nywila hata moja.

Mashine haikuliona. Nitaitendea haki: barua ya idhini iliizuia kugusa miamala hai, na hiyo ilikuwa sahihi. Lakini sababu iko ndani zaidi. Kila hatua ya mfumo ule, ukiichukua peke yake, ilikuwa inafanya kazi kama ilivyoandikwa. Kosa lilikuwa kwenye wazo la kwamba kimya maana yake hapana, na aliyelibeba kosa hilo mdomoni alikuwa muuza mukene ambaye hakuna aliyemsikiliza.

Usiku ule nilifanya jaribio ambalo sikuwa nimeombwa. Kwa ruhusa ya mwanaprogramu wao nilichukua kipande cha msimbo wa malipo, nikaondoa kila kilichoweza kumtambulisha mtu, nikaupa mfumo wa lugha unaofanya kazi ndani ya kompyuta yangu pamoja na maelezo ya mama yule kama alivyoyasema. Haikuchukua muda ukanionyesha mstari wenyewe na kupendekeza namna tatu za kuurekebisha. Kwa hiyo si kweli kwamba mashine haiwezi kuelewa kosa la namna hiyo. Ilihitaji mtu wa kukaa kwenye benchi kwanza.

Kijana aliongeza mambo mawili. Nywila ya meneja ilikuwa imeandikwa nyuma ya kalenda, kwa sababu meneja anapokwenda Kampala lazima mtu aidhinishe mikopo. Halafu alipiga simu ofisini akijifanya fundi wa kampuni ya simu, akaanza kwa Kiswahili, akachombeza Lusamia kidogo, na karani akamsomea namba ya uthibitisho iliyoingia kwenye simu ya ofisi. Karani alilia alipoambiwa. Tulimweleza kwamba jaribio lilikuwa la utaratibu wa ofisi, na jina lake halikuandikwa kwenye ripoti. Hili nalihesabia upande wa mtu: anajua lini anyamaze.

Bei

Hapa sitakaa sana. Zana ile ingemgharimu mzee kwa mwaka zaidi ya mishahara ya makarani wake wawili, nayo inalipwa kwa dola, kwa hiyo shilingi ikishuka bei inapanda bila muuzaji kubadilisha kitu. Siku 6 za kijana zilikuwa takriban robo ya hapo. Lakini za kijana zinaisha. Mwezi ujao mwanaprogramu akiongeza ukurasa mpya wenye mwanya, kijana hayupo. Na kabla hujalipa yeyote, jua kwamba Nmap (ya kuchunguza mtandao), ZAP (ya kukagua tovuti) na Wazuh (ya kufuatilia kumbukumbu za kompyuta) ni za bure kabisa, na kijana wa TEHAMA mwenye bidii anaweza kujifunza kuzitumia dhidi ya mfumo wenu wenyewe.

Sheria itamshika nani

Wengi hulifikiria hili mwishoni. Mimi ningelianza nalo. Sheria ya Uganda ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta, ya mwaka 2011, inafanya kuingia kwenye mfumo bila idhini kuwa kosa la jinai, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 10. Nia njema si idhini. Nimekutana na vijana walioona mwanya kwenye tovuti ya taasisi, wakaujaribu "ili kusaidia", kisha wakaogopa hata kuuripoti. Wana haki ya kuogopa.

Kwa mtu, idhini ni jambo rahisi kulieleza: barua yenye sahihi, anwani zinazoruhusiwa, tarehe, saa, na namba ya simu ya kupiga mambo yakiharibika. Mtu anaisoma na kuielewa. Zana inayojiendesha hupewa orodha ya anwani, halafu hufuata viungo. Tatizo ni kwamba mfumo wa Sacco haukai peke yake. Umeunganishwa na kampuni ya malipo, na seva iliyokodishwa kwa mtu mwingine, pengine na benki. Mwenyekiti wa Sacco hana mamlaka ya kuidhinisha jaribio kwenye mali ya hao. Zana ikiruka ukuta saa nane za usiku ikaanza kugonga milango ya kampuni ya malipo, kumbukumbu za seva zitaonyesha kwamba shambulio limetoka kwenu. Muulize muuzaji: ikivuka mpaka, nani atasimama mahakamani? Wa Busia alijibu kwamba mkataba unamwachia mteja jukumu hilo. Nilimheshimu kwa kusema kweli.

Umuhimu wa kampuni hizo za kati tuliuona Oktoba 2020. Mtoa huduma aliyeunganisha benki na pesa za simu alivamiwa, na MTN, Airtel na Benki ya Stanbic zikalazimika kutoa taarifa ya pamoja huku miamala kati ya benki na simu ikisimamishwa. Kwa hiyo unaponunua ukaguzi, daraja lako na hao liwe la kwanza kwenye orodha, kwa idhini yao ya maandishi.

Yuko na mwizi wa ndani. Novemba 2024 Waziri wa Nchi wa Fedha Henry Musasizi alikiri bungeni kwamba akaunti zilizoko Benki Kuu ya Uganda ziliingiliwa. Gazeti la New Vision lilikuwa limetaja shilingi bilioni 62 na wadukuzi wa nje. Miezi michache baadaye waliofikishwa mahakamani walikuwa maofisa wa umma, na hatia au kutokuwa na hatia ni juu ya mahakama kuamua. Ninachokuomba ukione ni kwamba kukagua milango ya nje hakukuambii lolote kuhusu mtu mwenye ufunguo. Kwa hilo unahitaji mkaguzi anayeuliza nani anaidhinisha nini. Baada yake, mashine ya aina ile ya zamani, inayosoma miamala na kuona isiyofanana na mingine, inasaidia sana.

Data inakwenda wapi, na intaneti ikizimwa?

Zana nyingi za akili bandia zinafanya kazi kwenye seva zilizo nje ya nchi. Ikiikuta ile nakala ya majaribio yenye orodha ya wanachama, orodha hiyo, au sehemu yake, imeshasafiri. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inakudai uhakikishe huko data inakokwenda kuna ulinzi unaolingana na wa kwetu, au uwe na ridhaa ya mwenye data. Tena data ikivuja unatakiwa kutoa taarifa mara moja, na taasisi ikikutwa na hatia inaweza kutozwa faini ya hadi asilimia 2 ya mapato yake ya mwaka. Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi haichezi. Julai 2025 iliiamuru hata Google ijisajili kwake. Kijana naye hubeba data kwenye kompyuta yake, usimwamini bure. Dai diski iliyosimbwa, isiyosomeka bila nywila, na dai afute mbele yako akimaliza.

Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Zana ya ulinzi inayoishi ng'ambo ilikuwa bubu siku zote hizo, huku kompyuta za ofisi zikiwa zinawaka na makarani wakiingia kama kawaida. Kama utanunua akili bandia ya kulinda, uliza kama sehemu yake inaweza kukaa ofisini na kuendelea kuandika kumbukumbu bila mtandao. Wazuh inaweza. Zana kadhaa za bei kubwa haziwezi.

Wezi nao wameshachagua akili bandia. Ujumbe wa "nimekutumia pesa kimakosa, tafadhali nirudishie" ulikuwa ukitambulika kwa lugha yake mbovu. Sasa unakuja kwa Kiswahili safi. Mapema 2024 huko Hong Kong mfanyakazi wa kampuni ya uhandisi ya Arup alihamisha takriban dola milioni 25 baada ya mkutano wa video ambamo sura na sauti za wakubwa wake zilikuwa za kughushi. Mweka hazina wako anatuma pesa kwa agizo la sauti ya WhatsApp? Hilo ulimalize wiki hii, halina uhusiano na karatasi ya nani umeichagua.

Nilivyomjibu mzee

Kama taasisi yako ni ndogo, mfumo mmoja, hakuna mtu wa TEHAMA wa kudumu, chukua mtu. Lakini umlazimishe awe mtu anayetumia mashine: siku mbili za kwanza zana zizunguke kote, siku zinazobaki akae na pesa zinavyotembea, kuanzia mwanachama hadi simu na kurudi. Muulize wakati wa usaili: "Utaanzia wapi?" Akitaja zana tu, mshukuru umwache aende. Akiuliza mfumo wenu unafanya nini muamala ukikwama, msikilize. Vyeti kama OSCP vina uzito, maana mtihani wake ni wa kuvunja mifumo kwa mikono kwa karibu saa 24 na hauruhusu kuuliza roboti za akili bandia. Lakini nimewaona wazuri wasio navyo.

Kampuni ya malipo yenye wanaprogramu wanaobadilisha msimbo kila wiki, chagua mashine kwanza. Mtu anayekuja mara moja kwa mwaka atakuwa anakagua mfumo ambao haupo tena mwezi unaofuata. Iweke zana kwenye nakala isiyo na data ya kweli, mpe mhandisi mmoja jukumu la kuhakiki kila alama nyekundu kabla haijafika kwa bosi, kisha mlete mtu wa nje kila mnapobadilisha njia ya malipo.

Zahanati au shule ambayo haina pesa ya yoyote kati ya hizo: usiuziwe hofu. Washa uthibitisho wa hatua mbili, toa nakala za data zikae nje ya ofisi, futa mifumo ya majaribio, mpe kila mtu nywila yake. Ile ya nyuma ya kalenda ing'oe leo.

Na kama huna mtu wa kuziba kitakachopatikana, ahirisha kununua ukaguzi wowote. Pesa hiyo mlipe mwanaprogramu. Ripoti yenye mianya 58 inayokaa kwenye droo ni ramani ya wizi, na droo za ofisi zetu tunazijua.

Mzee alichukua karatasi ya kulia. Siku 6 zikawa 4 za ukaguzi na 2 za kurudi kuhakiki marekebisho, na sehemu ya pesa iliyobaki ikamlipa mwanaprogramu wa Kampala aliyebadilisha ule utaratibu wa sekunde 30. Nilikuwepo walipojaribu upya. Ilikuwa Ijumaa jioni, soko limejaa, kijana na simu yake kwenye benchi lilelile. Akaomba shilingi 5,000. Mtandao ukakwama kama ulivyozoea. Safari hii ujumbe ukasema: "Muamala wako unasubiri uthibitisho. Usirudie." Tukafungua akaunti yake, pesa ilikuwa imeshikiliwa, haijarudi wala haijatoka. Dakika nne baadaye simu ikalia, 5,000 imeingia, na kwenye akaunti imepungua 5,000.